Pesa Iliyokufa Ilinizuia Kumzika Mama

Akina mama wenzangu wa kikundi chetu, nashukuru mmenipa nafasi. Mwenyekiti ameniomba kwa muda mrefu nisimame niseme, na kila tukikutana nilikuwa natafuta sababu ya kubaki nimekaa. Leo sababu zimeniishia. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na watu sitawataja majina. Wanaojijua watajijua.

Wengi hapa mnanijua kwa lile banda langu la vitu vya ukumbusho. Nilitoka Kenya nikiwa bibi harusi mpya, mume wangu alipopata kazi ya gereji hapa Kampala. Tukapanga Makindye, na mimi nikaanza kuuza vikapu, shanga na ngoma ndogo kwa wageni wanaotembelea mji. Sasa, katika vitu vyote hivyo, kitu wageni walichokipenda kuliko mnavyoweza kudhani ni zile senti za wakoloni, zenye tundu katikati. Mgeni anaishika, anaigeuzageuza, anauliza ni ya mwaka gani, anaitia uzi na kuivaa shingoni palepale. Nilikuwa nazipata kwa wazee wa vijijini waliozisahau kwenye makopo. Lakini wazee wanaisha, na makopo nayo yakaisha.

Ndipo mwenzangu mmoja wa biashara akaniambia kuna kiwanda huko ng'ambo kinazitengeneza. Nikatumiwa picha kwenye simu. Nawaambia, hata mama yangu mzazi, aliyenunua chumvi kwa senti hizo akiwa msichana, asingeona tofauti.

Msidhani sikujiuliza. Nilijiuliza. Nikasema moyoni, hii ni pesa iliyokufa. Hakuna duka litakaloipokea, kwa hiyo nitakuwa nimemwibia nani? Nikamwuliza muuzaji kama kuna shida yoyote kuziingiza. Akajibu kwamba ana wateja dunia nzima. Nikaridhika, nikaagiza. Kwenda kumwuliza mtu wa forodha mwenyewe, hilo halikunijia kabisa.

Mzigo ulipofika uwanja wa ndege wa Entebbe nilipigiwa simu niende. Nilivaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Nikakuta boksi limeshafunguliwa juu ya meza, na ofisa mmoja wa forodha, kijana, mpole kwa kweli, akanikaribisha kiti. Akauliza ndani mna nini. Nikasema, sarafu za ukumbusho. Akasema mbona zimeandikishwa kuwa vifungo vya nguo? Muuzaji alikuwa ameandika hivyo bila kuniambia, labda alidhani ananisaidia.

"Nyabo, hizi ni pesa bandia," akaniambia, kwa heshima ya Kiganda ya kumwita mama.

"Si pesa, mwanangu. Hizi zilikufa kabla sijazaliwa."

"Sheria inakataza kuingiza pesa ya uongo. Haijaniambia iliyo hai wala iliyokufa."

Kisha akaniuliza swali lingine, taratibu tu: wageni ningewaambia ni za kale au ni za kiwandani? Ndugu zangu, ukweli ni kwamba nilikuwa sijaamua. Akaningoja, akaona sijibu, akainama akaandika. Halafu akamwita mkubwa wake, na mkubwa wake akawaita polisi.

Nilipelekwa rumande, kule upande wa ziwa karibu na Port Bell. Mchana tulikuwa tunasikia honi ya ile meli inayobeba mabehewa ya treni, na mimi kila ikilia nilikuwa nadhani naitwa. Wanawake wa mle ndani walikuwa wakiulizana, wewe umeletwa na nini? Mmoja alikuwa ameletwa na kuku wa jirani, mwingine na ugomvi wa kiwanja. Mimi nikisema nimeletwa na pesa ambayo si pesa, wanacheka, halafu wananihurumia. Bambi, wanasema. Yule wa kuku alijua kosa lake na adhabu yake. Mimi langu sikulijua.

Kanisa la mume wangu lilinipatia wakili, mtu mtaratibu. Nikamwuliza, mheshimiwa, nimevunja sheria au sikuvunja? Nilitaka neno moja tu. Akavua miwani akasema, "Mama, sijui. Nimetafuta kesi kama yako, sijaiona."

Akanieleza kwamba kuna mambo mawili. La kwanza, kama pesa isiyotumika tena bado inahesabiwa kuwa pesa. Hapo wenye sheria wenyewe wanaweza kubishana mpaka jioni. La pili, kama nilikusudia kumwuzia mtu kitu cha uongo kwa jina la kitu cha kweli, na hilo ni udanganyifu hata kama sarafu ilikufa zamani. Akasema kama zingepigwa chapa ya kuonyesha kuwa ni nakala, na zikaandikishwa forodhani kama zilivyo, angalau angekuwa na mahali pa kuweka mguu. Lakini vifungo vya nguo, mama!

Mahakama ikataka mtaalamu wa sarafu aje aseme ni kitu gani hiki. Mtaalamu hakupatikana. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Ninyi hapa ndio mlionitoa kwa dhamana. Wengine wenu mlifunga maduka Kawempe mkaja kusimama mbele ya hakimu, na barua za mwenyekiti wa LC, wa serikali ya mtaa, mkononi, mkasema tunamjua huyu, hatakimbia. Nikaacha pasipoti na kitambulisho mahakamani, nikaamriwa nisivuke mpaka. Nikasema sawa, nivuke niende wapi? Nilikuwa sijui.

Nilikuwa nafua uani, saa za mchana, kaka yangu alipopiga simu. Mama alikuwa amepandwa na presha sokoni, akafia njiani wakimkimbiza hospitali. Wazee wameshakaa, wameamua azikwe Jumamosi. Kwetu ni ng'ambo tu ya mpaka wa Busia. Ukitoka hapa asubuhi, jioni uko nyumbani.

Wakili wangu alikimbia mahakamani siku hiyohiyo. Hakimu hakuwapo, amesafiri kikazi, na hakuna mwingine aliyeweza kugusa faili lake. Karani akasema kwa upole turudi wiki ijayo. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenitukana. Kila mtu alinipa pole, na mlango ukabaki umefungwa. Nikamwomba kaka waahirishe mazishi. Akasema, dada, mimi ni mdogo mbele ya wazee, wamekataa.

Kuna mtu akaninong'oneza kwamba pale mpakani ziko njia za vichochoroni, boda anakuvusha na hakuna anayekuona. Siwafichi, niliwaza. Nilifunga hata nguo. Lakini nikiwaza kuvuka, naziona sura zenu pale mahakamani. Ningeonekana, ninyi mngelala mahali nilipolala mimi. Nikalifungua lile furushi. Nikarudi kukaa kando ya beseni, na povu lilikuwa limeshakauka.

Hapo nyuma ya nyumba yetu anakaa jirani. Ni mke wa askari, ametoka kaskazini, ni Mwislamu. Nilipokuwa rumande ndiye aliyewalisha wanangu na kuwapeleka shule. Alikuja akakaa chini kando yangu. Mnajua Kiswahili chake, kile cha kambini. Akaniambia:

"Mama hazikwi bila mutoto wake wa kike. Nitaenda mimi."

Nikamwambia kule hawamjui, hata lugha yao haijui.

"Watanijua nikifika. Nipe leso yako moja."

Na akaenda. Mwanamke ambaye hajawahi kuvuka mpaka ule, akapanda basi na leso yangu kiunoni, kwenda kumlilia mtu asiyemjua. Kaka yangu alinisimulia baadaye. Alisema waliona mgeni anaingia uani, hasalimii, anakwenda moja kwa moja penye jeneza, anapiga magoti. Akakaa hapo kwanza. Ndipo akainuka akajitambulisha: nimetumwa na binti yenu, yeye amefungwa miguu na serikali, mimi ndiye macho yake. Kisha akakunja mikono ya gauni akaingia jikoni, akaosha vyombo pamoja na shangazi zangu.

Wakati wa kaburini alinipigia, akainua simu juu nisikie. Nilikuwa chumbani, mume wangu amenishika mabega. Nikasikia wimbo, nikasikia mchungaji anaomba. Walipoanza kushusha jeneza, mtandao ukakatika. Nikapiga, nikapiga, haikupatikana tena.

Kaka anasema mabinti walipoitwa kutupa udongo, jirani yangu alitupa mara mbili. Wa kwanza akasema ni wa binti yenu. Wa pili akasema, "Na huu ni wangu."

Ndugu zangu, siwezi kusema siku ile nilipona. Lakini alipopanda ngazi za kwetu na begi lake, na nikaona ile leso imejaa vumbi la nyumbani, nilikula chakula kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile simu. Jumatatu nikafungua banda. Kabla ya hapo nilikuwa nimelala tu, nangoja mtu mwenye cheo aje aniambie mimi ni nani, mhalifu au si mhalifu.

Na hakuna aliyeniambia mpaka leo. Kesi iliahirishwa tena na tena, hata siku moja mwendesha mashtaka akasimama akasema upande wa serikali hauna nia ya kuendelea. Sarafu zikachukuliwa kwenda kuharibiwa. Nje ya mahakama nikamwuliza wakili, kwa hiyo halikuwa kosa? Akasema, "Hawajasema halikuwa kosa, mama. Wamesema hawaendelei."

Funzo langu ni dogo. Anayeagiza kitu kutoka nje aulize forodhani kabla ya kutuma pesa, si baada. Asimwulize anayeuza, maana yule anauza. Aandikishe kitu kwa jina lake halisi. Na kama ni nakala, mteja aambiwe ni nakala. Ukijiona unasita kumwambia, huo mzigo uache. Usijidanganye kwamba kilichokufa hakina mwenyewe. Mimi nilijidanganya hivyo, na sheria ambayo hata wakili hakuijua vizuri ikanishika miaka.

Nawashukuru ninyi mlionidhamini. Namshukuru mume wangu, ambaye hakunilaumu hata siku moja. Jirani yangu yule amekaa hapo nyuma, na ameinamisha kichwa kwa sababu hapendi kusifiwa. Nisamehe, dada, nimemaliza.

Pasipoti yangu imerudi. Ijumaa tunasafiri, mimi na yeye. Kaka ameniambia shamba lote limeota mahindi sasa, hata kaburi halionekani ukiwa barabarani. Basi itabidi nimfuate jirani yangu nyumanyuma katikati ya mahindi ya baba yangu, mpaka atakaposimama aniambie, ni hapa.