Gari la Pak Rebo Halijai Oili

Kijiwe chetu ni benchi la mianzi mbele ya kibanda cha sungusungu, pale mtaa unapopanda kuelekea mlima Ungaran kama ngazi iliyotelekezwa na fundi. Hakuna kilichokaa sawa huku kwetu, hata glasi ya kahawa lazima uiwekee jiwe pembeni. Asubuhi ile tulikuwa watano. Kolonel, mlinzi mstaafu wa maegesho sokoni, hajawahi kushika bunduki lakini koti la jeshi halivui. Radio ni fundi redio, na redio zikiharibika yeye huongea badala yake. Pak Rebo, yaani Mzee Rebo, ndiye mwenye gari. Mwanawe Tegar ndiye bwana harusi, kavaa koti jeusi la harusi, mahari mfukoni. Wa tano mimi, ambaye wananiita Sarjana, yaani msomi, kwa sauti ileile wanayomfukuzia mbuzi bustanini.

Saa tatu Tegar alitakiwa awe barabarani kwenda Ambarawa kufunga ndoa. Shehe alikuwa na harusi nyingine mchana, hangoji mtu. Na wiki iliyofuata ulikuwa unaingia Suro, mwezi ambao Mjava haozi hata paka. Akichelewa leo, akalale peke yake mpaka Suro iishe.

Tatizo: jana jioni Pak Rebo alibadilisha oili mwenyewe, nyumbani. Toka alfajiri anachomoa kijiti cha kupimia, na kila akichomoa, oili iko chini ya alama ya chini. Ameapa hawashi injini.

PAK REBO: Nimemimina galoni nzima. Nati ya chini nimeifunga kwa mkono huu. Uvunguni hakuna tone. Sasa imekwenda wapi?

KOLONEL: Oili mpya ina aibu, Pak. Ni mgeni yule. Amefika usiku, hajui chumba ni kipi. Anajibanza pembeni.

RADIO: Aibu ya wapi, bana! Chuma kimekaa bila oili toka magharibi mpaka isha. Kimeshikwa kiu. Kimekunywa.

MIMI: Chuma hakinywi. Filta mpya itachukua kidogo ukiwasha mara ya kwanza, basi. Gari limesimama kichwa juu. Oili imerudi nyuma, kijiti kiko mbele. Hapo mnapima mlima, hampimi oili.

KOLONEL: Umesomea wapi hayo, kaka?

MIMI: Chuo kikuu.

KOLONEL: Na kazi unafanyia wapi?

Nikanywa kahawa.

Hivyo ndivyo mijadala inavyoishaga kwangu. Ningesema maji yanalowesha, wangeniuliza nimeajiriwa na nani.

Pak Rebo akaingia ndani kutafuta kitambaa kingine kisafi. Kolonel akainuka kunyoosha mgongo, akaunyooshea karibu na boneti. Pak Rebo akarudi, akafuta kijiti, akachovya, akachomoa. Chini ya alama. Akatikisa kichwa, akarudi ndani kufuata miwani. Radio naye mgongo ukamuuma.

TEGAR: Bapak, saa mbili na nusu.

PAK REBO: Tulia, Le, mwanangu. Nikuue njiani?

RADIO: Mimi nawaambia, kijiti hicho si chenyewe. Joto limekipinda. Kilikuwa kirefu hiki.

KOLONEL: Kijiti hakina kosa. Kosa la Ungaran. Mlima ule tumboni una chuma, na chuma huita chuma. Oili iko katikati, itafanyaje? Inavutwa. Kwani hamjiulizi kwa nini huku juu sufuria zinatoboka upesi?

RADIO: Lho! Hata redio zangu usiku zinaugeukia mlima.

KOLONEL: Unaona?

MIMI: Mungu wangu. Lishusheni uwanja wa badminton, hatua chache tu! Saruji ile ni tambarare. Mnafuta kijiti, mnachovya mpaka mwisho, mnasoma. Kwisha habari.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kuhusu ajira. Wote waligeuka kuutazama uwanja. Mimi pia. Ulikuwa umejaa krupuk za Bu Sumirah, mama muuza vitafunwa, vipande vya unga vya kukaanga, bado vibichi, vimeanikwa kwenye matandiko toka mstari hadi mstari.

KOLONEL: Haya, msomi. Nenda kamwambie aanue.

MIMI: Mimi?

KOLONEL: Si una shahada?

RADIO: Mwaka jana mwenyekiti wa mtaa alimwomba aache njia kidogo, jeneza lipite. Alimwomba kwa adabu zote.

PAK REBO: Akasemaje?

RADIO: Alimtazama tu. Mwenyekiti mpaka leo anapitia nyuma.

Kisha Kolonel akarudi kwenye mlima, Radio akasema kama ni mlima basi gari ligeuzwe makalio yaelekee Ungaran, Pak Rebo akauliza je, oili ikivutwa huko itapitia wapi, na mimi, ambaye nilijua wote ni wapumbavu, nikajikuta nimekamata jiwe nawachorea chini jinsi sumaku inavyofanya kazi. Katikati ya makelele hayo mtu akasema, “Samahani wakubwa, naomba kupita,” nasi tukajibu, “Monggo, monggo, pita tu,” bila kuinua vichwa. Ndivyo tulivyolelewa.

Tulipoinua vichwa, Bu Sumirah alikuwa amesimama mbele yetu, mkono kiunoni.

BU SUMIRAH: Mnapigia kelele nini?

PAK REBO: Oili, Bu. Gari limesimama mlimani, haipimiki.

BU SUMIRAH: Na uwanja?

PAK REBO: Una krupuk, Bu.

Akatutazama mmoja mmoja. Akashuka, akakunja matandiko yale kama anayekunja kanga, uwanja ukabaki mweupe.

Tukaliachia gari likateleza taratibu mpaka kwenye saruji. Likatulia sawasawa. Pak Rebo akangoja oili itulie, akafuta, akachovya, akachomoa. Akavaa miwani. Oili ilikuwa imepita alama ya juu mpaka inakaribia mkono wake.

PAK REBO: Nani ameongeza?

Kolonel akafunga kifungo cha koti.

PAK REBO: Sikasiriki.

KOLONEL: Chupa moja tu, Pak. Niliona umesahau kujaza. Nikasema, kumwambia mtu mzima mbele ya mwanawe, vibaya.

RADIO: Mimi nusu. Sikutaka upate aibu siku ya harusi.

Wakanigeukia.

MIMI: Mimi hakuna aliyenikabidhi hata chupa.

Ukiwasha na oili kiasi hicho, inapigwa ndani mpaka inatoa povu. Radio akaingia uvunguni na spana na beseni. Pak Rebo akasimama na kijiti mkononi kama mtu aliyepewa bendera ya timu asiyoishabikia.

BU SUMIRAH: Na bwana harusi yuko wapi?

Tukatazama benchini. Kwetu anayekusudia kurudi hufunika glasi yake. Glasi ya Tegar ilikuwa wazi, mashapo yameshakauka. Pembeni ya kibanda, pale dada yake anapoegesha skuta, palikuwa patupu.

Kolonel akavua kofia, akakuna kichwa, akaitazama barabara ya Ambarawa kwa wasiwasi wa kweli.

KOLONEL: Ile skuta... oili yake nani aliipima?