Tundu la Simu ya Krispini

Benchi langu la kahawa liko pembeni ya stendi ya Mpanda, na wanaolikalia hakuna wasichokijua. Zubery, fundi simu, tunamwita Injinia. Bartolomeo aligombea uenyekiti wa mtaa akaanguka, ila jina la Mheshimiwa likambakia. Jana alasiri akaja Krispini, mrina asali wa Inyonga, uso umemshuka. Kanunua simu mpya isiyo na tundu la iafoni za masikioni, kwa hiyo anatumia zile zisizo na waya, na moja imempotea asubuhi hiyohiyo. Mimi Kassiani kazi yangu kumimina tu, ila iliniuma, maana kijana wa watu anasubiri jibu la posa na hii nayo imemwangukia.

Injinia: Kampuni imetusaidia bwana. Lile tundu lilikuwa linaingiza vumbi.

Mheshimiwa: Na tundu la chaji je? Vumbi linaogopa umeme?

Injinia: Nyie hamuelewi teknolojia.

Mheshimiwa: Naelewa kwamba ule waya ndio antena ya redio. Bila waya redio haishiki. Mechi nitasikilizia wapi, kwenye kikombe?

Injinia: Si usikilize mtandaoni.

Mheshimiwa: Kwa bando la nani?

Krispini: Waya ungekuwepo, ingening'inia shingoni. Nimeinama tu kwenye mzinga, puu, imedondoka!

Mheshimiwa: Na lile tundu hawakulitupa. Siku hizi wanakuuzia kikamba kifupi cha kuchomeka kwenye chaji, mwishoni kina nini? Tundu! Ni lako lilelile wanakurudishia!

Hapo nilimwongezea kahawa, alistahili.

Mheshimiwa: Na ndoa zitakwisha. Zamani mchumba unampa sikio moja, wewe moja, hamuachani hata hatua mbili. Sasa yeye yuko Katumba, wewe unaimba peke yako hapa.

Injinia: Afadhali! Ule waya ulikuwa unamwonyesha mke wangu kwamba simsikilizi. Sasa hivi naitikia kwa kichwa tu, anafurahi.

Mheshimiwa: Hata nyuki wa Mlele wamekuwa wakali tangu blutuu iingie!

Krispini: Nyuki walinianza mimi sina hata simu, Mheshimiwa.

Injinia: Hebu subiri. Imedondokea wapi hasa?

Krispini: Majanini, chini ya mzinga.

Injinia: Chini ya mzinga kulikuwa na nini?

Krispini: Ndoo.

Injinia: Ya?

Krispini: Ya masega.

Injinia: Na hiyo ndoo iko wapi?



Krispini: Nimeipeleka mchana kwa mzee Ezekia. Mjomba wake Suzana, binti ninayemposa. Yeye ndiye mwenye jibu la posa.

Mheshimiwa: Ezekia huyu anayemeza sega bila kutafuna?

Krispini: Mungu wangu.

Injinia akamwambia awashe wimbo, sauti mwisho, kwamba iafoni iliyopotea ikiwa karibu itaimba yenyewe. Krispini akawasha. Wimbo ukasikika kwenye ile iliyobaki tu. Tukashusha pumzi, tukamwona mzee Ezekia anavuka barabara kuja kwetu, anacheka kabla hajafika. Simu ikalia ting! Kwenye kioo ikaandika: imeunganishwa.

Krispini: Shikamoo, mjomba.

Ezekia: Marahaba, kijana wangu. Asali tamu ile! Nimekutafuta kote, nikupe jibu la...

Akashika tumbo. Chini ya shati, kwa mbali lakini vizuri kabisa, ngoma inasikika, bongofleva.

Ezekia: Jamani! Mimi ni mzee wa kanisa!

Krispini akaificha simu mfukoni akaibonyeza. Tumbo likanyamaza. Mzee akalipapasa, akatutazama mmoja mmoja, na kile kicheko kikamwisha usoni.

Ezekia: Aliyelizima ndiye aliyeliwasha. Ni nani?

Injinia akageukia stendi kama mtu anayesubiri basi. Mheshimiwa akaomba kahawa, na kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Ezekia: Semeni. Jibu la posa ninalo hapa mdomoni, litoke au lisitoke?

Krispini akanitazama mimi. Mimi nikatazama birika.