Onésime Lusenge, aliyeficha misumari ndani ya shaba

Mumenilazimisha niandike, miye niliyeishia mwaka wa pili primaire. Eliezer, mutoto wa marehemu, ana diplome, lakini anasema machozi yanamuzuia. Basi, asicheke mutu herufi zangu.

Ndugu yangu Onésime Lusenge alizaliwa Musienene, tarehe 14 mwezi wa tatu 1961. Miye dada yake mukubwa, Agar Katungu, nilimubeba mugongoni. Alisoma mupaka mwaka wa tano. 1979 akaenda Beni kujifunza kutengeneza visu. Mwaka 1988 alifungua atelier hapa Kimemi, na 1990 akaoa Abigaïl ku kanisa.

Pale chuma ya kisu inaingia mu mupini, alibana vipande viwili vya shaba, kimoja kila upande. Alipitisha misumari ya shaba ileile, akaigonga pole pole huku na huku mupaka inavimba na kujaza tundu, kisha analainisha na lime, ile tupa ya chuma. Hauone tena musumari. Siku moja ku soko, muteja akamuambia: "Hii ni colle, gundi tu!" Onésime akamupa nyundo: "Papa, ibomoe." Yule baba alipiga mupaka jasho. Shaba haikutikisika.

2012, binti yake Hadassa alitaka kujifunza. Miye nikakataza: "Nani ataoa mwanamuke wa kunuka makaa?"

Onésime akasema: "Yaya, dada yangu, nikikufa, nani atakutengenezea kisu ya kukatia majani ya sombe?"

"Hautakufa mbele yangu. Miye ndiye mukubwa."

Basi hakumufundisha. Hakunipinga hata siku moja. Heri angenipinga.

Mwezi wa kumi 2024 tension ya damu ilimuangusha. Mukono wa kuume na kinywa vikakufa. Hadassa alimuletea ku kitanda kisu aliyojaribu kutengeneza peke yake, shaba zilitikisika. Baba yake akatikisa kichwa, machozi yakamutoka. Hakuweza kuonyesha. Alituacha ku hospitali ya Beni, mardi tarehe 11 mwezi wa pili 2025.

Anaacha Abigaïl, Eliezer, Hadassa, bajukuu sita, na miye. Mungu aipumzishe mikono yake.

Nilimupa Hadassa kisu yangu aipasue aone ndani vile misumari inashika. Bahati mbaya ni ya 1981, Onésime alikuwa bado hajajua vizuri. Basi wewe unayeshika karatasi hii, kama uko na kisu aliyotengeneza baada ya hapo, pole yako siitaki. Peleka hiyo kisu Kimemi kesho, umuachie Hadassa aipasue.