Dumu Lenye Kitambaa Cheupe: Maisha ya Glenys Nankivell

Marehemu Glenys Nankivell alizaliwa Quorn, Australia Kusini, tarehe 14 Machi 1956, binti wa pili wa Mzee Alf Pascoe, fundi wa reli, na Bi. Edna. Wa kwanza ni Coralie, aliyeandika wasifu huu, na hakuuandika kwa moyo mweupe.

Alisoma hapohapo Quorn hadi 1971. Mwaka wake wa mwisho shuleni alipewa baiskeli kuukuu isiyo na breki, na wiki hiyohiyo akaenda nayo hadi mji wa Hawker, zaidi ya kilomita sitini, na kurudi, bila kuaga. Mama alipochukua fimbo, Glenys aliuliza, "Hii ni ya kwenda, mama, au ya kurudi?"

Kwa miaka ishirini na sita aliwapikia wakata manyoya ya kondoo. Wenzake walihama banda hadi banda kwa gari. Yeye alifunga sufuria nyuma ya baiskeli akawafuata kwenye mchanga na kokoto, na jioni chakula kilikuwa mezani. Aliyelalamika kuwa nyama ni ngumu aliambiwa, "Meno yako ndiyo mavivu, kaka."

Tarehe 9 Mei 1981 alifunga ndoa na Trevor Nankivell, dereva wa malori ya ng'ombe. Kila Glenys alipopanga safari yake ya baiskeli, Trevor alitangulia na gari kumwekea maji njiani. Huku kwetu dumu lililo chini ya mti, na kitambaa cheupe shingoni, lina mwenyewe. Hata mwizi haligusi.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, daktari akamkataza safari ndefu. Alipunguza chumvi. Safari hakupunguza.

Septemba 2023 joto liliwahi. Trevor aliweka madumu matatu kwenye njia ya jangwani kaskazini mwa mji wa Marree, akageuza gari kurudi. Penye dumu la pili alikuta familia ya mjini imekwama, rejeta imechemka, mtoto analia. Maji ya garini mwake hayakutosha. Huku mtu haachwi mkavu njiani, kwa hiyo akawapa dumu la mkewe.

"Kisima kiko mbele, mzee," wakamwambia. "Tutalijaza na kulirudisha leo hii."

Neno la njiani huku ni neno. Kumfuata mtu umkague ni kumtukana. Trevor akaenda zake nyumbani.

Dumu walilirudisha kweli. Kitambaa walikifunga vizuri. Ndani hamkuwa na tone. Tarehe 27 Septemba Glenys alikutwa ameketi kando yake, amefariki, baiskeli ameiegemeza mtini, haina hata pancha.

Juzi Trevor alimwomba Coralie, "Shemeji, andika tu kwamba alikufa akifanya alichokipenda. Kila mtu anasema hivyo."

"Alipenda kuendesha, Trevor. Kiu hakuipenda."

Trevor akasema, "Basi andika na la dumu. Andika nililitoa mimi."

Limeandikwa. Na iandikwe pia kwamba Glenys mwenyewe angelitoa vilevile, bila kufikiri mara mbili. Hilo ndilo linalotuchoma.

Ameacha mume, Trevor, mwana, Darryl, wajukuu wawili, na dada, Coralie. Ile familia ya mjini haijaleta hata salamu.

Amani aipate Glenys. Sisi bado.