Miguu ya Mama Kwenye Zulia

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za mchana. Mwenyekiti kanipa kiti, namshukuru, ila kukaa siwezi. Mtanivumilia nikizungukazunguka hapa mbele. Hata nyumbani wanasema kiti huwa kinanichoma.

Wengi mnanijua kwa vinyago, nachonga pale barabarani Bunju. Jumamosi napigaga dramu kwenye bendi yetu ya mtaani. Hatuna jina kubwa. Tunapiga harusi, sendofu za kuaga mabinti, kipaimara, popote tunapoitwa.

Sasa watu wanadhani mpiga dramu anamfuata kiongozi wa bendi. Siyo wakati wa kuingia ukumbini. Hapo mie naangalia miguu ya yule aliyetangulia. Akikanyaga, napiga. Akisita, nasubiri. Ndivyo nilivyofundishwa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilianza kunywa kwa sababu ya mikono. Kabla ya kupanda jukwaani ilikuwa inatetemeka, nikawa nakunywa kidogo itulie. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, ile kidogo haikubaki kidogo. Ikafika mahali nakunywa asubuhi ili niweze kushika patasi. Mke wangu akiuliza, nakuwa mkali kana kwamba mie ndiye niliyekosewa.

Basi kukawa na harusi Mbagala. Mama wa bwana harusi anaingia, mtu mzima, gauni refu, anatembea taratibu na maringo yake. Mie nimeshalewa, macho yangu yako juu kwenye taa. Nikaongeza mwendo. Wakapiga vigelegele, nikaona wananishangilia mie, nikazidisha. Yule mama akajitahidi kunifuata, akakanyaga gauni, akaanguka kifudifudi mbele ya wakwe. Na mie nikaendelea kupiga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mama wa watu yuko chini, na mie napiga.

Kiongozi wetu, dada mmoja anayepiga gitaa la besi, akaja akanipokonya vijiti. Hakunigombeza. Alisema, "Kaka, nenda nyumbani. Hivi nakaa navyo mpaka siku utakapoweza kumwona tena mtu anayetembea."

Mke wangu ndiye aliyenileta kwenye kikundi hiki chetu cha kuacha pombe. Wiki za kwanza nilikuwa naangalia mlango tu, mnakumbuka. Kuna mama mmoja humu, simtaji, alikuwa ananipigia simu kila siku saa nane mchana, muda ule niliozoea kutoroka kwenda kilabuni. Anauliza tu, "Unachonga nini leo?" Mpaka nimalize kumweleza, hamu imepungua.

Miezi ikapita. Ikaja sendofu ya mpwa wangu, ukumbi uko Mbezi Beach, na bendi ni yetu. Yule dada wa besi akaniletea vijiti vyangu. "Wimbo mmoja tu, wa kumwingiza binti. Ukiharibu, basi tena."

Siku hiyo, jamani, sikutulia. Nimeamka kabla ya adhana. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimekaa kuchonga, patasi ikanikata kidole. Nikawa napiga kwenye meza, kwenye ukuta, kwenye ndoo, mpaka mke wangu akanitoa nje. Saa nane simu ikalia. Nikamwambia yule mama, leo sichongi, natetemeka, na chupa moja tu ingenitosha. Akasema, "Basi nenda ukatetemeke huko huko ukumbini."

Nikaenda, mkavu hivyo hivyo, bila kuonja hata tone. Kumbe aliyetangulia mbele ya binti ni mama yangu mzazi. Nikaanza vizuri. Mara mikono ikaanza kukimbia. Naisikia kabisa, na kuizuia siwezi. Besi inanivuta nyuma, wapi. Nikaona gauni la Mbagala tena.

Mama akasimama. Katikati ya zulia, binti na ukoo mzima nyuma yake, kasimama na mguu mmoja mbele. Mshereheshaji akamwambia, "Mama, karibu, sogea." Hakusogea. Wala hakuniangalia. Nikakazia macho ule mguu. Nikapunguza, nikapunguza tena, jasho linaniingia machoni. Nilipofika kwenye mwendo wake, akanyanyua mguu, akakanyaga, na mie nikapiga. Hatua moja, pigo moja, mpaka mbele. Nililia huku napiga, sioni aibu kusema.

Baadaye nikamuuliza mbona alisimama vile. Akanijibu, "Goti lilinibana, mwanangu."

Namshukuru mke wangu, amevumilia mengi. Namshukuru dada wa besi kwa kunipokonya na kwa kunirudishia. Yule mama wa saa nane, Mungu akuweke. Mama wa Mbagala nilimfuata kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa, ila hakusema amenisamehe. Simlaumu.

Na wewe mgeni uliyekaa karibu na mlango, nimekuona. Usisubiri mikono itulie ndipo uanze. Yangu hii hapa, bado inacheza. Mie niliacha pombe huku natetemeka. Tafuta mtu wa kumwangalia miguu, uende mwendo wake.

Namalizia. Mama yangu yuko pale nyuma, nilimwomba aje leo. Mama, siku ile mie nilipewa wimbo mmoja tu, zilizobaki nilikaa pembeni naangalia. Baada ya goti kukubana, ulicheza mpaka wanazima muziki.

Asante, mama.