Mzee Futi, Aliyechora Pa Kukaa Mjini

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alikuwa mkimya, mama yake alizoea kusema ukimtuma na maneno, atafikisha nusu.

Alihitimu uchoraji wa ramani chuo cha ufundi mwaka 1972, na Februari iliyofuata akaajiriwa idara ya barabara ya halmashauri ya mji. Huko ndiko alikobandikwa jina la Futi, kwa kuwa hakuachana na futi yake ya chuma. Siku ya kwanza kufika kwa wakwe alionekana akipima upana wa mlango.

Tarehe 16 Agosti 1980 alimuoa muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 1994 mkewe alianza kuugua moyo. Siku moja, wakitoka kliniki, pumzi zilimwishia katikati ya barabara kuu. Aliketi ukingoni mwa mtaro, magari yakimrushia vumbi.

"Si wewe unayechora?" alimwambia mumewe. "Basi nichoree pa kukaa."

Marehemu alichora njia ya miguu ya mita nne, viti vyenye egemeo kila hatua hamsini, miti ya kivuli, na mstari wa kuonyesha mikahawa mwisho wa kutoa meza zao nje. Mhandisi mkuu, aliyetaka maegesho ya magari, aliirudisha michoro mara tatu. Mara ya nne marehemu hakubishana. Alimwomba watembee pamoja hadi kliniki, saa saba mchana. Mhandisi alifika akitweta, akatia sahihi wima, maana hapakuwa na pa kukaa.

Mke wa marehemu alifariki tarehe 2 Juni 1996. Kiti cha kwanza kiliwekwa Septemba.

Marehemu alistaafu mwaka 2011, binti akiwa kazini ng'ambo. Kila alasiri alikwenda kukaa kwenye kiti kile, pembeni, akiacha nafasi. Siku moja wachumba wawili walimwomba asogee kidogo. Alisogea, kisha akainuka akawaachia. Mpwa wake alimuuliza mbona hakuwaambia viti vile ni kazi yake.

"Wakijua watanishukuru, halafu wataondoka," alisema. "Bora wakae."

Januari 2023 alianza kuugua figo, akakataza binti yake asishtuliwe. Alifariki tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa peke yake wodini. Mpwa wake alikuwa kwenye foleni ya dawa.

Ameacha dada mmoja, binti, mpwa aliyeandika haya, na wajukuu wawili waliomjua kwa sauti ya simu tu. Amani ikae naye, apumzike.