Bi Genia na Wanga Uliomnasa Meya

Bi Genowefa Sokólska, mpishi mkuu wa shule yetu ya msingi hapa Zalesie, anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti 2024, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aliingia jikoni Jumatatu ya tarehe 3 Septemba 1990, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kwa maelezo yake mwenyewe siku hiyo aliunguza viazi vya watoto mia mbili. Tangu hapo hakuunguza tena. Au kama aliunguza, aliwapakulia walimu.

Hakuna anayemwita kwa jina lake kamili. Ni Bi Genia kwa wote, kuanzia darasa la kwanza hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

Mimi nilifika mwaka 1993 kufundisha sayansi, nikakuta maabara yenye meza na isiyo na kitu kingine. Nilifundisha habari za vimiminika kwa kuchora ubaoni, na watoto wakasinzia kwa adabu. Walilalamika kwenye dirisha la chakula, na malalamiko ya dirishani hayakuwahi kumpita Bi Genia.

Machi mwaka uliofuata alikuwa akitayarisha kisiel, ule uji mtamu wa matunda ambao watoto wetu wangeunywa kila siku kama wangeruhusiwa. Kwa haraka alimimina wanga wa viazi mwingi kwenye maji baridi kidogo, akakoroga kwa nguvu. Mwiko ukakwama, kisha ukavunjika. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" akauliza. "Njooni mjaribu nyie wenye nguvu."

Wakaja. Aliyepiga ngumi alikuta ugumu wa meza. Aliyeshusha kidole taratibu, kidole kilizama kama kwenye maziwa. Walifinyanga vitonge vigumu, na mara tu walipofungua viganja vitonge vikayeyuka na kuchuruzika hadi viwikoni. Chakula kilichelewa dakika arobaini. Mwalimu mkuu alishuka akiwa amekasirika, akapanda akiwa na mikono ya koti myeupe.

Kesho yake Bi Genia alinifuata darasani. "Mwalimu, hawa watoto wako hawana uvivu. Wana njaa ya kushika vitu. Walete kwangu Jumatano, nikishaosha vyombo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza Jumatano ya Jikoni, iliyoendelea miaka thelathini. Aliweka mezani bakuli tatu: moja ya asali, moja ya sosi ya nyanya, na moja ya vikombe viwili vya wanga kwa kikombe kimoja cha maji baridi. "Asali ni nzito siku zote," aliwaambia. "Sosi imegoma kutoka, ukiitikisa inakimbia. Huyu wa tatu ukimsumbua ndiyo kwanza anagoma. Kwa nini?" Kisha aliwaacha wabahatishe. Watoto walipochoka kubahatisha aliwaambia watazame mlango wa bwalo. Wakitoka mmoja mmoja, wote wanapita. Wakisukumana, wanabanana na hapiti mtu. Punje za wanga ndani ya maji ni vivyo hivyo. Nimesoma chuo kikuu miaka mitano na sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Haki ya msimulizi inanidai nitaje pia sinki. Jumatano ya kwanza tulimwaga kila kitu humo, wanga ukatulia kwenye bomba ukawa kama saruji, na Bwana Zenon, fundi wetu, alitumia siku mbili chini ya sakafu akisema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuchapisha. Tangu hapo wanga hutupwa kwenye shimo la mboji, na Bwana Zenon husimama hapo kuhakikisha.

Mwaka 2011 ulitujia vibaya. Baraza la mji lilipendekeza jiko lifungwe, na chakula kiwe kinaletwa kwenye masanduku na kampuni kutoka jiji. Wapishi watano wangepoteza kazi. Bi Genia hakuandika barua. Aliwaalika madiwani na meya kwenye sherehe ya shule ya mwezi Mei. Mzazi mmoja alituombea kiwandani magunia kumi ya wanga uliopitwa na tarehe, mwingine akaleta hori pana la plastiki la kunyweshea ng'ombe. Asubuhi ile nilimkuta akikoroga kwa jembe.

"Wakituona wendawazimu," alisema, "tumekwisha."

Watoto walikimbia juu ya wanga, mmoja baada ya mwingine, wakafika ng'ambo wakiwa wakavu. Kisha meya wa wakati huo, Bwana Olgierd Ruszczyc, akavua viatu na kukunja suruali.

"Usisimame katikati, Bwana Meya," Bi Genia alimwonya. "Ukitaka kuhutubia, hutubia ukishavuka."

Alikimbia vizuri hadi katikati. Hapo mpiga picha akamwita. Akasimama, akapunga mkono, akazama hadi nusu ya miguu.

"Bi Genia, nimenasa."

"Naona. Usivute. Ukivuta kwa nguvu, nao unakubana kwa nguvu. Tulia kwanza."

Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la supu ya majani machachu yenye yai. Meya akaipokea, maana angefanya nini. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, kisha akauliza kama imepikwa pale.

"Ulidhani imetoka wapi? Hayo masanduku yenu yatafika yakiwa vuguvugu. Na mtoto akitaka nyongeza, atamwomba nani? Dereva?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Nilikuwa karibu, nikaona macho yake yamejaa machozi. Meya naye aliyaona. Alimaliza supu, akarudisha bakuli, kisha akainua mguu mmoja polepole, halafu mwingine, kama alivyoelekezwa. Juma lililofuata alisimama mbele ya baraza akaomba pendekezo likataliwe. Lilikataliwa kwa kura nane dhidi ya saba. Jiko lipo hadi leo.

Tumehesabu wanafunzi wetu watatu waliosomea kemia, na mmoja anayetengeneza rangi za kuta huko Gdańsk, ambaye hudai kila kitu alikijua hapa akiwa na miaka tisa. Bi Genia hujibu kwamba huyo hakuwahi kumaliza karoti zake.

Anahamia Augustów, kando ya ziwa, kwa dada yake Leokadia, ambaye tunaambiwa hamruhusu mtu yeyote kugusa jiko lake. Tuna wasiwasi kidogo na amani ya nyumba hiyo.

Bi Genia, asante kwa kila bakuli, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kujibu. Upate afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na kengele. Umepakulia wengine miaka thelathini na minne. Sasa kaa mezani, upakuliwe.

Teodora Bielak, mwalimu wa sayansi